Nani Aliyeuliza?

Mwaka 1903 kilichapishwa huko Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Kinaeleza jinsi watu wa mrima walivyozaa na kulea, walivyopeleka watoto kwenye chuo cha Kurani na jandoni, walivyooana, walivyokopeshana, walivyopunga pepo, walivyosafiri bara na walivyozikana. Jina lililotangulia ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa gavana Dar es Salaam kabla ya kurudi kwao kufundisha Kiswahili. Lakini Kiswahili kilichomo si cha Velten. Sehemu kubwa ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyesoma chuoni mpaka akaiva, akakusanya kodi kwa niaba ya serikali ya Wajerumani, kisha mwaka 1900 akaenda Berlin kuwa mwalimu wa lugha. Wengine nao walichangia. Ndiyo maana J. W. T. Allen, katika chapa ya Kiingereza ya mwaka 1981, aliandika juu ya kitabu kwamba ni kazi ya Mtoro na Waswahili wengine.

Nakipenda kitabu hiki kwa Kiswahili chake, Kiswahili cha kabla ya kamati na kamusi sanifu, kinachotembea bila haraka na bila kuomba radhi. Hata hivyo kila nikikirudia hunijia hisia ile ile, kama vile nimekaa ndani ya daladala ubavuni mwa mtu anayeongea na simu. Ndiyo. Hapana, siku ya saba. Hapana, mjomba wake. Nasikia kila neno, na lugha ni yangu, lakini mazungumzo siyapati, kwa sababu anayeuliza yuko upande wa pili wa simu. Velten aliuliza, Mtoro akajibu, majibu yakapigwa chapa. Maswali hayakupigwa chapa.

Na hii si kasoro ya Velten peke yake. Ukichukua sehemu kubwa ya yale yanayoitwa utafiti wa lugha na utamaduni wetu, tangu wamisionari wa karne ya 19 mpaka dodoso za leo, utakuta ghala kubwa la majibu. Tumeyarithi, tunayafundisha, tunayanukuu katika tasnifu. Mara chache tunauliza nani alitaka kujua, na alitaka kujua ili iweje.

Tuanze na sarufi, maana hapo ndipo swali lililofichwa linapotoa kichwa. Maelezo ya desturi yanapenda sana kiambishi hu-. Mwanamke akijifungua hupelekewa uji. Mtoto akifika umri fulani hupelekwa chuoni. Mtu akifa huoshwa na watu wa jinsia yake. Sentensi za namna hii ni Kiswahili safi, wala hakuna mwalimu atakayezitia alama nyekundu. Sasa jiulize ni lini mara ya mwisho umesikia mtu wa Bagamoyo akimwambia jirani yake sentensi kama hiyo. Jirani kwa jirani wanaambiana: Mwanahamisi kajifungua usiku, twende tukamwone, umeshapika uji? Mwanahamisi ana jina, usiku una tarehe, uji unatakiwa sasa hivi. Hakuna hu- hapo, maana wote wanajua kinachofanyika; kilichobaki ni kukifanya.

Hata wale ambao kazi yao ni kufundisha desturi hawasemi hivyo. Kungwi hamwambii mwari kwamba wanawake hufanya hivi na hivi. Humwambia fanya, au usifanye, au humwimbia, au humtegea fumbo akamwacha nalo mpaka limuingie. Ngariba na walombo jandoni nao wana mambo yao, na hayafanani kabisa na aya za kitabu. Anayehitaji kuambiwa kwamba watu wetu hufanya hivi ni mmoja tu, yaani mtu aliyetoka nje, ambaye hatashiriki, na ambaye anataka kuondoka na maelezo mkononi.

Kuna mahali pamoja ambapo hu- imestawi nyumbani kabisa, nako ni kwenye methali. Mcheza kwao hutunzwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini tazama methali inavyofanya kazi. Inaonekana inazungumzia watu wote, kumbe kuna mtu mmoja pale barazani ambaye shingo yake imeshaanza kumwasha. Methali ni mshale wenye umbo la taarifa. Bila mlengwa haitamkwi. W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa aliyekisikia Kiswahili kwa sikio kali kuliko Wazungu wengi wa wakati wake, alichapisha mkusanyiko mkubwa wa methali mwaka 1891. Ni hazina, sikatai. Ila kila methali mle imefika ikiwa na maneno yake yote na haina mtu wa kumchoma. Watafiti wa fasihi simulizi wamelisema hili kwa lugha ya muktadha na matini. Mimi naona lipo kwenye kiambishi chenyewe. Hu- ya methali inamjua msikilizaji wake. Hu- ya utafiti inamjua pia, lakini imeapa kutomtaja.

Okot p'Bitek wa Uganda ndiye aliyenionyesha jinsi swali linavyoweza kuzaa kitu ambacho hakikuwepo. Katika kitabu chake kuhusu wasomi wa Magharibi na dini za Kiafrika, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwakalisha wazee wa Kiacholi wakawauliza: nani aliwaumba? Kwa lugha ya wazee wale kuumba kwa maana ya mapadri, kutoa kitu pasipo kitu, hakukuwa na neno lake. Swali likawafikia likiwa na maana ya kufinyanga: nani aliwafinyanga? Wazee wakasema hawajui. Mapadri hawakukubali, lazima yupo. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu huweza kuzaliwa mzima, kisha ugonjwa wa uti wa mgongo ukampinda mpaka akawa na kibyongo, na huyo watu husema amefinyangwa na Rubanga. Basi, akajibu, anayefinyanga watu ni Rubanga. Mapadri wakaandika. Jini la kibyongo likawa jina la Mungu, na bado ndilo jina la Mungu katika Biblia ya Kiacholi.

Wengi wakikisimulia kisa hiki hucheka ufinyu wa wamisionari, au husikitika kwamba tafsiri ni kazi yenye mitego. P'Bitek alikuwa na hasira nyingine, na alikuwa na haki nayo, maana alisoma anthropolojia Oxford na kuwasikia walimu wake wakiwaita Waafrika washenzi tangu mhadhara wa kwanza. Mimi kinachonikaa kichwani ni yule mzee. Hakudanganya. Alibanwa na watu wasiotaka kuondoka mikono mitupu, akatafuta katika kila anachokijua kitu kinachoweza kulingana na swali, akakipata, akakitoa. Alikuwa mkarimu kwa wageni. Jibu lake ni sahihi kabisa kwa swali alilolisikia. Lingeandikwa pamoja na swali lake, pamoja na ile "hatujui" ya mwanzo, leo lingekuwa somo zuri la fikra za Kiacholi kuhusu mwili na maradhi. Liliandikwa peke yake, likawa teolojia.

Huku pwani tuna kisa cha zamani zaidi, na sijui kwa nini hakisimuliwi mara nyingi. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na katika mwaka huo huo akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga mno. Aliyemsaidia ni Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa. Kadhi! Mwanachuoni wa Kiislamu, mwamuzi wa mirathi na talaka, amekaa na mmisionari wa Kikristo wanatafuta namna ya kusema hapo mwanzo. Tukio hili hutajwa kwenye historia za Biblia ya Kiswahili kwa sentensi moja, kadhi akiitwa msaidizi, kisha hadithi inasonga mbele na Krapf.

Napenda kukaa hapo kidogo. Adamu, Nuhu, Ibrahimu na Yusufu hawakuwa wageni kwa kadhi. Alikuwa nao tangu chuoni. Kisa cha uumbaji alichosomewa kilikuwa kisa anachokijua, ila kimepita njia nyingine, na bila shaka alisikia tofauti zake kwa sikio la fundi. Kwa Krapf kazi ilikuwa kuhamisha maana kutoka lugha yenye Neno kwenda lugha isiyo nalo. Kwa upande wa kadhi wa Mombasa mambo yalikuwa mengine kabisa: mgeni amekuja na nakala tofauti ya jambo la nyumbani, anaomba asaidiwe kulisema vizuri. Meza moja, matini moja, na watu wawili wanaofanya kazi mbili. Krapf aliandika shajara, barua, na baadaye kamusi kubwa iliyotoka 1882. Kwa hiyo kazi tunayoijua ni ile moja.

Kuna mahali ambapo walioulizwa walinyakua zamu. Laura Bohannan, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alikuwa miongoni mwa Wativ wa Nigeria, msimu ambao maji ya mabwawa yanapanda, watu hawatembei, wanakaa kunywa pombe na kusimulia. Wakamtaka naye asimulie. Akachagua Hamlet ya Shakespeare, akiamini kwamba tamthilia hiyo ina maana moja kwa binadamu wote. Insha yake ya mwaka 1966 kuhusu siku hiyo inachekesha mpaka leo. Ndugu wa marehemu kamwoa mjane mapema? Vema sana, wazee wakasema, nani angemlimia? Mzuka wa baba? Wafu hawatembei, hiyo ni ishara iliyotumwa na wachawi. Polonius kauawa nyuma ya pazia? Hamlet alipiga kelele ya panya, kama mwindaji anavyopaswa kutahadharisha. Polonius alipaswa kusema kwamba pale yupo mtu. Msomaji wa Kisambaa au Kiluo, au mwingine yeyote anayejua mambo ya kurithi mjane, hatakuwa na sababu ya kuwacheka wazee hao.

Insha hiyo hufundishwa vyuoni kama ushahidi kwamba maana haivuki mipaka ya utamaduni bila kutozwa ushuru. Sawa. Lakini mimi naona jambo la maana zaidi limo katika mpangilio wa kikao. Kwa mara moja mtafiti ndiye aliyekuwa akihojiwa. Wazee ndio waliouliza, na maswali yao yanasikika yote: aliyekufa na aliyerithi ni wa mama mmoja? Kwa nini wazee wa pale hawakwenda kwa mganga? Kwa kuwa maswali yao yaliandikwa, tunawajua Wativ wale kwa kurasa chache kuliko tunavyowajua watu wengi wenye majuzuu matano ya maelezo. Na mwishoni wanamwambia awaletee hadithi nyingine, wamfundishe maana zake, ili akirudi kwao wazee wake waone hakupoteza muda porini. Sijui mtafiti mwingine aliyepewa cheti kizuri kama hicho.

Tukirudi pwani, huko Lamu, hali ni ya utata zaidi, na napenda utata wake. Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga milango, mwanamuziki, malenga na mwandishi wa khati. Wataalamu wa Ulaya waliotaka tenzi za kale walipitia kwake: Alice Werner wa London, William Hichens, na katika miaka ya 1930 Ernst Dammann aliyekwenda Lamu pamoja na mkewe. Kijuma aliwanakilia, na alijua mteja anataka nini. Khati ya watu wa Lamu ilikuwa ikiwatesa Wazungu, kwa hiyo nakala alizowaandikia zilikuwa wazi zaidi, zenye irabu na alama za kuwarahisishia. Utenzi wa Fumo Liongo ambao wanafunzi wengi wanausoma kama sauti ya kale umetoka kwake, mwaka 1913, na wataalamu wanaomchunguza wanaona kwamba yeye ndiye mtunzi wake, akitumia masimulizi na nyimbo zilizokuwepo kabla yake.

Tuseme nini hapo? Kwamba ni utenzi bandia? Siwezi kulikubali neno hilo. Malenga yeyote wa pwani hutunga kwa sababu kuna aliyemtaka atunge: bwana harusi, mtawala, mama anayemuusia binti. Kijuma alitakwa na wageni wenye kiu ya ukale, akawatungia ukale, kwa ufundi wa kweli na bahari sahihi ya utenzi. Swali la mtafiti lilikuwa agizo, naye alilitambua kuwa ni agizo. Kosa letu, kama lipo, ni kuusoma utenzi huo kana kwamba haukuwa na mteja. Ukimsoma Muyaka, malenga wa Mombasa, bila kujua ugomvi wa mji wake na Sultani Seyyid Said, umepoteza nusu. Ukimsoma Liongo wa Kijuma bila kujua kwamba kuna mtu London anasubiri, umepoteza kitu kile kile.

Na wateja wa Velten walikuwa akina nani? Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin ilianzishwa mwaka 1887, Ujerumani ikiwa imeshaweka bendera yake huku miaka miwili kabla. Waliokaa madarasani ni maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakijiandaa kuja. Kitabu cha 1903 kina sehemu ya mwisho yenye desturi za sheria, na sababu yake haihitaji kutafutwa kwa tochi: ofisa wa boma anaamua mashauri. Mtu kamkopesha mtu akafa kabla ya kulipwa, mtumwa kadai kakombolewa, mume kamfukuza mke na mahari haijamalizwa. Ofisa anahitaji kujua watu hawa wenyewe huamuaje, ili aamue kama wao pale panapomfaa. Ukikisoma kitabu ukiwa na boma kichwani, sura nyingi zinageuka sura. Maelezo ya watumwa yaliyoonekana marefu kupita kiasi yanaeleweka urefu wake. Maelezo ya majumbe na haki zao yanaacha kuwa historia ya mrima. Yanakuwa orodha ya watu wa kushughulika nao.

Mtoro mwenyewe alilipata jibu lake kutoka kwa wateja hao. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata wakasafiri kuja Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikakataa aingie nchini kwake akiwa na mke huyo. Aliyewaeleza Wajerumani, kwa utulivu na ukurasa baada ya ukurasa, namna Waswahili wanavyooana, ndoa yake mwenyewe ikamfanya asiruhusiwe kukanyaga nchi aliyoieleza. Akarudi Ujerumani. Alifanya kazi Hamburg na mwanaisimu Carl Meinhof, kisha baada ya vita akazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki, mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Ludwig Wimmelbücker ameandika maisha yake katika kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2009, na anastahili kusomwa. Baada yake, Berlin hiyo hiyo ilimpata mwalimu mwingine wa Kiswahili, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeitwa Mahjub bin Adam utotoni. Huyu Wanazi walimkamata mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Matamshi yake yalihitajika darasani. Zaidi ya matamshi, hapana.

Ningependa msomaji asidhani kwamba Waswahili wa wakati ule walijua kujibu tu. Velten huyo huyo alitoa mwaka 1901 mkusanyiko wa safari, na humo yumo Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na mwajiri wake Mjerumani, Theodor Bumiller, mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Soma Kiswahili cha Selim baada ya Desturi, utadhani umefungua dirisha. Hu- imepungua, li- na ka- zimeshika usukani. Tulifika, nikaona, wakatuzunguka, nikauliza. Anaeleza watu wa kule wanakula nini, wanalala wapi, wanavaa nini kwa baridi ile. Anatushangaza kwa mambo yanayomshangaza yeye, na kwa hiyo tunamjua ni mtu wa namna gani. Yeye ndiye mtafiti, na hana haya kuonyesha kwamba yupo. Kama ningeambiwa nichague kitabu kimoja cha kufundishia wanafunzi wa anthropolojia jinsi ya kuandika, ningeanza na Selim, nao walimu wangenung'unika wakapenda.

Tunao pia waliokaa nyumbani wakauliza maswali yao wenyewe. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, aliwasaidia watafiti wengi wa kigeni, na huenda wengi wanamkumbuka kwa hilo au kwa neno runinga alilolibuni. Lakini soma Sambo ya Kiwandeo, utenzi wake kuhusu chombo cha Lamu uliochapishwa mwaka 1979. Anakitaja chombo kipande kwa kipande na jinsi kinavyoundwa. Maelezo kama hayo angeweza kuyatoa kwa mtafiti mwenye kinasa sauti, na pengine alishayatoa. Alipoyatia katika utenzi, msikilizaji alibadilika: ni kijana wa Lamu ambaye babu yake aliunda vyombo na yeye hajui hata jina la ubao mmoja. Mambo ni yale yale, na msamiati ni ule ule. Ila sasa anayehitaji jibu ni mwana wa nyumba, na anaaibishwa kidogo, kwa upole, kama inavyopaswa.

Niliwahi kufanya kazi ya kuzunguka na dodoso vijijini, kazi ambayo vijana wengi wenye shahada za lugha huifanya wakisubiri ajira. Maswali yalitungwa mbali, yakafasiriwa na mtu asiyewahi kufika huko, na fomu ya ridhaa ilikuwa ndefu kuliko mazungumzo. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka nilipomaliza kipengele cha imani kuhusu maradhi ya watoto, akaniuliza: "Mwanangu, hayo unayoniuliza, kwenu hayapo?" Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kuandika swali la mhojiwa. Nilimjibu kwamba yapo, tukaongea hayo ya kwetu na ya kwake mpaka jua likashuka, na katika muda huo nilijifunza mengi kuhusu maradhi na watoto. Kwenye fomu nikaandika kilichotakiwa.

Siku hizi swali limehamia kwenye simu. Watu hujitolea kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti ili mashine zijifunze kutambua matamshi yetu. Wengine hulipwa kutia alama kwenye maneno ili mashine zijue lipi ni tusi na lipi ni utani. Kuna watafiti wa Kiafrika, kama wale wa Masakhane walioanza mwaka 2019, waliolitambua jambo hili mapema na kutaka kazi iongozwe na wenye lugha. Nawaunga mkono. Ningewaomba waongeze kitu kimoja kisicho na gharama: kila sentensi ihifadhiwe pamoja na taarifa ya aliyeitaka na sababu ya kuitaka. Bila hiyo, miaka mia moja ijayo atakuja mtu asome mamilioni ya sentensi zetu na kudhani ndivyo tulivyokuwa tukiongea tukiwa peke yetu.

Nina zoezi ninalowapa wanafunzi nikipata darasa. Nachukua aya moja ya Mtoro, kila mmoja anaandika swali ambalo aya hiyo inajibu. Wa kwanza huandika swali la jumla, desturi zenu za hiki na kile ni zipi. Wa pili huandika swali la ofisa: mtu akikataa kulipa, tumfanyeje? Ubishi huanza hapo, na ubishi huo una faida kuliko mhadhara wangu. Safari moja tulikuwa mahali katika kitabu ambapo mambo ya zamani yanalinganishwa na ya sasa, na darasa zima lilikwama. Kila swali tulilolitunga lilikuwa jembamba kuliko aya. Binti mmoja aliyekaa nyuma akasema labda hapo Mtoro hakuulizwa kitu, kachoka kuulizwa, anaongea na watu wa kwao. Mwenzake akamwambia watu wa kwao hawakuwepo Berlin. Akasema anajua, ndiyo maana kaandika.